Kocha Mtaliana kaniambia niache wali wa nazi siku ya pambano, nile tambi. Wajuzi njooni

#1 KonaNyekundu
Assalaam alaykum wakuu. Nipo mjini Unguja, napigana ngumi za ridhaa, kilo 60. Kuna Mtaliana mmoja mtu mzima, kwao alikuwa kocha, siku hizi anaishi upande wa Kiwengwa na mara moja moja anakuja klabuni kutushikia pedi. Kaniuliza siku ya pambano nakula nini. Nikamwambia wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kama kila mtu. Mzee wa watu akashika kichwa! Anasema ndiyo maana raundi ya tatu miguu yangu inakuwa kama si yangu. Nile tambi nyeupe, mafuta ya zeituni kijiko kimoja, jibini ya kukuna juu, basi, na iwe masaa matatu kabla ya kupanda ulingoni. Bibi yangu kasikia, kasema tambi ni za futari tena za sukari, mwanamme hapigani kwa tambi. Kuna ukweli hapa au mzungu anavutia kwao tu?

#2 YakheForodhani
Nimekaa mkao wa kula, na leo wa kula kweli.

#3 MpishiKiwengwa
Hilo nalijua vizuri, nimepika jikoni kwa Wataliana miaka mingi. Kwao hicho si chakula cha raha. Wanakiita pasta in bianco, anapewa mgonjwa wa tumbo, mtoto, na mchezaji. Hakina tungule, hakina viungo, hakina kitu cha kugombana na tumbo.

Lakini kijana, usizipike kama tunavyozipika nyumbani mpaka zinalewa. Gramu 100 za tambi kavu kwa lita moja ya maji, chumvi gramu 10 kwa lita hiyo, na maji yachemke hasa ndipo uzitie. Koroga mwanzo zisigandane. Dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, toa uzi mmoja uumate: katikati uone kijidoa cheupe, na meno yapate kazi kidogo. Hapo epua. Maji usiyamwage yote, bakisha nusu kikombe, urudishie sufuriani na kile kijiko cha mafuta, utikise. Yale maji yana wanga, yanashikana na mafuta, na tambi zinang'aa bila ya kuogelea. Mtaliana akiona mafuta yametuama chini ya sahani anarudisha jikoni, nimeyaona kwa macho yangu.

Na jambo jingine. Hawachanganyi tambi na kipande cha kuku sahani moja. Tambi kwanza, halafu samaki au nyama kidogo sahani yake.

#4 ShangaziTungule
MpishiKiwengwa umenitia njaa saa nne hii ya usiku. Ila mafuta ya zeituni bei yake mnaijua? Mimi nayanunua ya kichupa, ya kupaka.

#5 DaktariWaMezani
Nimesomea lishe, nichangie. Mtaliana ana hoja ila kaieleza nusu. Tui zito, gramu 100 zake zina mafuta gramu 20 na ushei. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Ukila sinia la wali wa nazi saa nane ukapanda ulingoni saa kumi na moja, sehemu ya chakula bado ipo tumboni inasagwa, na damu unaihitaji miguuni.

Hesabu ya kawaida ya wanamichezo ni gramu 1 mpaka 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, katika masaa 1 mpaka 4 kabla ya mchezo. Ukikaribia mchezo unapunguza. Mtu wa kilo 60, masaa matatu kabla, tuseme gramu 2 kwa kilo: gramu 120 za wanga. Tambi kavu gramu 100 zina wanga 70 na kitu. Kwa hiyo gramu 160 hivi za tambi kavu zinatosha. Pima kabla ya kupika, maana zikiiva zinakuwa zaidi ya maradufu na macho yanadanganya.

#6 KarafuuWete
Samahani daktari, mafuta ya zeituni si mafuta? Au yakitoka kwao yanakuwa maji?

#7 YakheForodhani
😂😂😂 Mpemba kauliza.

#8 DaktariWaMezani
Ni mafuta, na gramu kwa gramu yana nguvu zaidi ya tui. Kijiko kimoja cha kulia ni kiasi cha kalori 120. Tofauti ni kipimo. Kijiko ni kijiko, lakini nani kati yetu anapima tui? Nazi mbili kwa kilo ya mchele, na tui la kwanza linarudi juu mwisho ili wali uwe na ladha. Mafuta hapo yanapita kijiko kwa mbali.

#9 KarafuuWete
Basi umejijibu. Tatizo nazi, si wali. Ale wali mweupe na chumvi, mambo yaishe. Wataliana wenyewe wanakula wali, nchi yao ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha mpunga Ulaya. Kwa nini aende kununua tambi za paketi wakati mchele upo ndani?

Na mimi nasema zaidi. Wazee wetu hapa Pemba walikuwa wanapanda mikarafuu kutwa kwa muhogo wa kuchemsha na papa mkavu. Hakuna aliyeuliza raundi ya tatu.

#10 MpishiKiwengwa
#9 kuhusu wali ni kweli, wana riso in bianco pia, mgonjwa anapewa vilevile. Kijana akitaka wali mweupe sina ugomvi.

#11 NungwiCiao
Nyie mnabishana na watu waliogundua mambo haya. Kujaza wanga kabla ya mashindano ni elimu ya Wataliana. Angalieni Nino Benvenuti, dhahabu ya Olimpiki Roma 1960, alimzidi hata Cassius Clay (Muhammad Ali wa baadaye) kwa tuzo ya bondia bora wa mashindano. Primo Carnera bingwa wa dunia uzito wa juu 1933. Wote wamekuzwa kwa pasta.

#12 DaktariWaMezani
Benvenuti na hiyo tuzo ya bondia bora, Val Barker, ni sahihi, ingawa Clay naye aliondoka Roma na dhahabu yake. Lakini kujaza wanga si Italia. Utafiti ule ulitoka Sweden miaka ya 1960, walikuwa wanachukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano kupima akiba ya wanga. Wakimbiaji wa marathoni ndio walioudaka wa kwanza.

Na huo uligunduliwa kwa watu wanaokwenda masaa mawili na zaidi. Bondia wa ridhaa anapigana raundi tatu za dakika tatu. Dakika tisa hazimalizi akiba ya wanga ya mtu aliyeshiba jana yake. Kwa hiyo mimi sidhani miguu ya KonaNyekundu inakufa kwa kukosa tambi.

#13 NungwiCiao
Sawa, Sweden. Lakini tambi walikula za nani?

#14 JudokaMwanakwerekwe
Sisi wa judo hadithi yetu nyengine, msituweke kapu moja na wa ngumi. Pambano dakika nne, likiwa sare mnaendelea mpaka mmoja apate pointi. Halafu siku moja unaweza kuingia mara tano au sita, asubuhi mpaka jioni. Hapo akiba ya wanga inaisha kweli. Mimi nikila mlo mkubwa mmoja asubuhi halafu nikae na njaa, pambano la tatu mikono haishiki gi, lile vazi letu la judo.

Nilichokuja kukifanya: asubuhi tambi kidogo na yai, halafu kila baada ya pambano tende mbili tatu, maji yenye chumvi kidogo, kipande cha boflo na asali. Mchana sili wali kabisa, nalala usingizi. Fabio Basile aliyechukua dhahabu ya judo Rio 2016 kilo 66 ni Mtaliana, sijui yeye alikula nini siku ile, ila mimi natumia tende za markiti Darajani na zinanifikisha.

#15 ShangaziTungule
Tende na tambi, huyu anafuturu mchana.

#16 KochaMstaafu
Vijana mnazunguka. Niulize swali moja tu kwa mwenye uzi. KonaNyekundu, unatembea na kilo ngapi siku za kawaida, na unapima lini?

#17 KonaNyekundu
Shikamoo kocha. Natembea na 62 na nusu, mara 63. Tunapima asubuhi ya siku yenyewe. Siku mbili za mwisho nakimbia na koti la nailoni na maji napunguza. Nikishapima ndipo nakula ule wali, maana njaa inakuwa kali.

#18 KochaMstaafu
Marahaba. Basi jawabu umelitoa mwenyewe. Wewe hufi kwa wali, unakufa kwa kiu. Ukipoteza asilimia 2 ya uzito wako kwa jasho, nguvu zinaanza kushuka. Kwa kilo 60 ni kilo 1.2 tu. Wewe unatoa mbili na zaidi, asubuhi unapima, jioni unapigana. Wa kulipwa wanapima siku moja kabla, wana usiku mzima wa kurudisha maji. Wewe una masaa machache, na unayatumia kula sinia!

Mwaka 1997 Marekani wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa ndani ya muda wa mwezi mmoja hivi, wote wanakata uzito kwa jasho na kujinyima maji. Baada ya hapo sheria zao zikabadilishwa, makoti ya nailoni na vyumba vya joto vikapigwa marufuku. Sisi huku bado tunaviona ni uhodari. Ngumi zenyewe Zanzibar zilifungwa tangu 1964 na zimefunguliwa juzi tu chini ya Rais Hussein Mwinyi, kwa hiyo makocha wengi tunafundisha tulichokiona bara au kwenye video. Koti la nailoni litupe.

#19 DaktariWaMezani
Namuunga mkono kocha, naongeza la kutendeka. Kila gramu ya wanga iliyo kwenye misuli inashika maji kama gramu 3. Na utumbo una mzigo wake. Siku mbili tatu kabla ya kupima, ukiacha maharage, mboga za majani, muhogo na matunda yenye makapi, ukala vyakula vyeupe laini kwa kipimo kidogo, uzito unashuka bila ya kutoa jasho. Hapo tambi nyeupe au wali mweupe na samaki wa kuchemsha ndivyo vinapofaa. Si kwa sababu ya Italia, ni kwa sababu havina makapi.

Ukishapima: maji kwanza. Lita moja na nusu kwa kila kilo uliyopoteza, kidogo kidogo, usiyapige yote mara moja. Pakiti ya maji ya chumvichumvi ya hospitali, au nyumbani lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Halafu ndiyo chakula.

#20 JudokaMwanakwerekwe
Kwetu tunapima jioni ya kuamkia mashindano, na asubuhi wanaweza kukuita bahati nasibu, usizidi asilimia 5 juu ya uzito wako. Wa kilo 66 akifika 69.3 bado yumo. Ikizidi hapo anarudi kwao na begi lake. Kwa hiyo hata kula baada ya kupima kuna adabu yake.

#21 KarafuuWete
Kwa hiyo daktari umesema muhogo una makapi. Nimesikia. Wazee wa mikarafuu hawakuwa na mizani.

#22 AbuSalma
Wenzangu, mbona hamjagusa suala la halali? Jibini ile ya kukuna, Parmigiano, inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Ndama kachinjwa vipi? Na mapishi mengi ya Kitaliana yana shavu la nguruwe au divai ndani ya mchuzi. Kijana asije akaanza na tambi akaishia pabaya.

#23 MpishiKiwengwa
Sheikh, la nguruwe na divai halina mjadala, hayo yanaachwa na chakula hakiharibiki. La jibini wanavyuoni wamehitilafiana, mimi si wa kulitolea fatwa. Zipo jibini zinazogandishwa kwa vitu vya mimea au vya maabara, soma karatasi yake. Kwa lishe, ile Parmigiano inakaa miezi 12 kwa uchache kabla ya kuuzwa, ina protini gramu 32 hivi katika 100, na hata mtu anayesumbuliwa na maziwa huwa haimsumbui, maana sukari ya maziwa imeshakwisha.

Lakini nataka kuwapa siri. Kusini mwa Italia, Sicily na Calabria, maskini hawakuwa na jibini. Walikuwa wanachukua mkate wa jana, wanaukausha, wanausaga, wanaukaanga na mafuta na vitunguu thomu na visamaki vya chumvi, wananyunyizia juu ya tambi. Sasa jamani, sisi hatuna boflo la jana? Hatuna dagaa?

Fanya hivi. Boflo lililokauka ulipare kwenye kipare. Dagaa wakavu kiganja kimoja, toa vichwa, oshesha mchanga, kausha kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike kwa vidole, uwatwange. Mafuta kijiko kimoja, thomu punje mbili zilizopondwa, moto mdogo, thomu ikianza kunukia tia mkate na dagaa, koroga bila ya kuacha mpaka rangi iwe ya mchanga wa pwani. Geuza macho kidogo tu inaungua. Nyunyiza ndimu, mwaga juu ya tambi. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

#24 AbuSalma
Hapo sawa. Jazakallahu khayr.

#25 ShangaziTungule
Nimejaribu leo mchana. Watoto wamekula wamelamba sahani, baba yao kauliza "mchuzi uko wapi?" Nikamwambia ndio huo, umekauka. MpishiKiwengwa, Wataliana kule hotelini nasikia wanatia mrehani kwenye chakula? Mrehani huu wetu wa kikuba?

#26 MpishiKiwengwa
Ndugu yake. Wa kwao majani mapana na harufu haikati sana. Mimi hotelini ukipungua nachuma wa nyumbani, natia kidogo. Mgeni mmoja aliuliza mbona una harufu ya harusi, alikuwa kashaolea huku huyo.

#27 YakheForodhani
Bondia ananukia kikuba, mpinzani anasahau kurusha ngumi. Mbinu hiyo.

#28 KonaNyekundu
Kocha na daktari shukrani, koti nimeshamgaia mvuvi. Swali: na Ramadhani je? Mwaka huu nilifanya mazoezi baada ya alasiri, nikapungua mpaka mkanda ukaongezwa tundu.

#29 JudokaMwanakwerekwe
Alasiri na jua lile na saumu? Sisi tunaingia baada ya tarawehe. Futari yetu ndiyo kesi: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati, vyote wanga na mafuta, protini unaitafuta kwa tochi. Mtu wa mapigano anahitaji kiasi cha gramu 1.6 mpaka 2 za protini kwa kilo, sivyo daktari?

#30 DaktariWaMezani
Ndivyo. Kwa kilo 60 ni gramu 96 mpaka 120 kwa siku. Yai moja lina 6. Jodari gramu 100 kama 24. Usiile yote mara moja, gawa futari, usiku na daku. Na hapa Wataliana wana kitu kizuri, tambi na maharage chungu kimoja, pasta e fagioli. Ngano imepungukiwa na kitu ambacho maharage yanacho, na maharage vivyo hivyo, vinakamilishana. Choroko au kunde zinafanya kazi ileile. Kwa daku safi. Siku ya pambano usithubutu, tumbo litapiga ngoma.

#31 BwanaMakunduchi
Mmesahau mabingwa wa kweli. Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya Makunduchi, tunapigana kwa magogo ya migomba, hakuna mizani, hakuna raundi, na baada ya hapo tunakula wali wa nazi na kuku. Miguu haijawahi kuwa mizito.

#32 KarafuuWete
Huyu ndiye mtu.

#33 KochaMstaafu
#31 nyinyi mnapigana na mtu mnayemjua na mnapatana jioni. KonaNyekundu mimi nimemuona akipigana, nadhani nimemjua. Raundi ya kwanza anarusha ngumi kama amechelewa boti ya Dar. Raundi ya pili anapumua kwa mdomo. Nani kamwambia pumzi inakaa kwenye sahani? Tambi, wali, muhogo, hata umpe nini. Akipunguza fujo dakika tatu za mwanzo tutaona miguu itasemaje.

#34 KonaNyekundu
Kocha hapana, mimi raundi ya kwanza lazima niende mbele, waamuzi wanatazama.

#35 DaktariWaMezani
Kocha ana lake. Lakini mtu aliyekauka maji moyo wake unapiga haraka zaidi kwa kazi ileile, atapumua kwa mdomo hata akitembea. Hatuwezi kujua ni kipi mpaka apande ulingoni mara moja bila ya kukata maji.

#36 NungwiCiao
Na supu ya pweza? Mbona hakuna anayeitaja, au sababu kuna mashangazi humu?

#37 ShangaziTungule
Taja tu, tunaijua kuliko wewe. Haina mafuta, ina protini, Wataliana nao pweza wanamla na mbatata na ndimu. Hayo mengine mnayoyatarajia kwenye supu ni ya vichwani mwenu.

#38 MpishiKiwengwa
Kweli kabisa, pweza na mbatata, baridi, mafuta kidogo na kotmiri. Jioni baada ya pambano hilo ndilo ningempa, na maji mengi.

#39 KonaNyekundu
Nimeamua pambano lijalo nipande kilo 63.5, nisikate kitu. Asubuhi tambi gramu 160 na unga wa dagaa. Mtaliana nimemuonyesha lile pishi la boflo, kasema mama yake alikuwa akilipika, halafu akaanza kunigombeza kwamba ndimu haimo. Sasa nauliza, nani ana mizani ya kuaminika ya kuazima? Ya klabu kila mtu inampa jibu lake.

#40 YakheForodhani
Nenda kwa muuza samaki Darajani, ila kumbuka ile inakuongezea nusu kilo bila ya kula.

#41 JudokaMwanakwerekwe
Njoo kwetu Jumamosi baada ya alasiri, tunayo ya dijitali. Uje na tambi zako, nataka kuziona hizo zenye kijidoa cheupe.